Ekseli ya nyuma imekatika mara tatu: je, ninunue habu nzima?

Swali la msomaji: "Ninasafirisha mpunga kwa baiskeli kutoka shambani hadi mashineni, karibu na Ifakara. Mwaka jana gurudumu la nyuma liliharibika, tukaweka la baiskeli ya gia ya mtumba na kulifunga friwili (gurudumu dogo la meno linaloshika cheni) ya gia moja. Tangu hapo ekseli imekatika mara tatu, kila mara upande wa cheni. Gololi nimebadilisha zote, lakini gurudumu bado linacheza na kukwaruza. Fundi ananishauri ninunue habu nzima, yaani kitovu chote cha gurudumu. Nimsikilize, au kuna jambo tunalolikosa?"

Jibu:

Ndugu yangu, fundi wako hajakosea sana, ila akikuwekea habu nyingine ya aina ileile na kuacha mengine yote kama yalivyo, ekseli ya nne nayo itakatika. Umeniletea malalamiko mawili kwa mpigo. Gurudumu kucheza na kukwaruza ni habari ya gololi, koni (nati za ekseli zinazozibana gololi) na vikombe (sehemu za ndani ya habu ambamo gololi hukaa), na hilo hutibika kwa vipuri vichache, grisi na subira. Ekseli kukatika, kwa jinsi ulivyoeleza, kumeanzia nje ya habu, siku ile gurudumu la baiskeli ya gia lilipoingizwa kwenye fremu ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake.

Nianze na hilo la ekseli, kwa kuwa ndilo linalokula fedha yako. Wengi hudhani ekseli ya baiskeli huzunguka pamoja na gurudumu. Haizunguki. Imekamatwa na fremu kwa nati pande zote mbili, imetulia tuli, na habu ndiyo inayozunguka juu yake kwa kuteleza kwenye gololi. Uzito wako na wa gunia hushuka kwenye fremu na kuzikandamiza ncha mbili za ekseli, wakati ardhi inasukuma kwenda juu kupitia tairi, spoki na habu hadi kwenye gololi. Ukitaka kuiona picha hiyo vizuri, mfikirie mtu aliyebeba mzega wa maji: ndoo zimening'inia nchani, bega liko katikati. Ndoo zikikaa karibu na bega, mti hautikisiki. Zikisogezwa mbali, mti uleule na maji yaleyale, mti unapinda hadi unalia. Gololi ndizo bega la ekseli yako, na vibamba vya fremu ambamo ekseli hukaa ndivyo vinavyoning'iniza ndoo.

Sasa itazame habu ya baiskeli ya gia. Friwili yake ya asili ilikuwa na meno ya gia sita au saba yaliyopangwa pamoja, na ili ipate nafasi, gololi za upande wa kulia huwekwa ndani sana, mbali na fremu. Kati ya gololi hizo na kibamba cha fremu, ekseli huvuka umbali mrefu bila kushikiliwa na kitu chochote, na umbali ukiongezeka maradufu, nguvu ya kuipinda nayo inaongezeka maradufu. Ndiyo maana ekseli za habu hizi hukatika upande wa cheni popote duniani, hata kwa watu wasiobeba mzigo. Kampuni ya Shimano ilipoleta mwaka 1978 habu ambayo friwili yake ni sehemu ya habu yenyewe, faida mojawapo kubwa ilikuwa kwamba gololi za kulia zilisogezwa nje, karibu na fremu. Habu yako si ya aina hiyo. Najua bila kuiona, kwa sababu isingekubali kufungwa friwili ya gia moja ya kuzungusha kwa hesi, yaani kwa mikato ya skrubu.

Kwa hiyo mna habu iliyoachiwa nafasi ya gia saba, lakini imebeba gia moja. Ukitazama upande wa kulia, kati ya koni na kibamba cha fremu, nina hakika utaona washa (pete za chuma) nene au vipande vya bomba vilivyojaza nafasi tupu. Vipande hivyo havifanyi kazi yoyote ila kurefusha mkono wa mzega.

Jambo la pili ni upana. Chukua rula, toa gurudumu, upime nafasi ya ndani kati ya vibamba viwili vya nyuma vya fremu bila kuvivuta wala kuvibana. Fremu nyingi za baiskeli za mzigo zenye gia moja huwa na milimita 110 hadi 120 hivi. Kisha pima habu, kutoka uso wa nje wa nati ya kufungia koni upande mmoja hadi uso wa nje wa nati ya upande wa pili. Habu za baiskeli za gia huwa na milimita 126, 130 au 135. Kama vipimo vyako vinapishana hivyo, basi siku ya kufunga gurudumu mtu aliitanua fremu kwa nguvu, pengine kwa goti. Fremu ya chuma hustahimili kutanuliwa, lakini vibamba vyake havibaki sambamba; vinafunguka kama mdomo wa koleo. Ukikaza nati kwenye vibamba vilivyoelekeana mshazari, nati inakaa upande mmoja kwanza, na kadiri unavyoendelea kukaza ndivyo unavyoipinda ekseli kwa mkono wako mwenyewe, kabla hata gunia halijapanda kwenye keria.

Nalisema hili nikiwa na deni. Miaka yangu ya kwanza ya ufundi nilimbadilishia mchuuzi wa samaki ekseli mbili ndani ya miezi michache, nikamlaumu kwa kujaza tenga kupita kiasi. Ya tatu alipoileta nilikuwa nimeishiwa lawama, nikalazimika kupima fremu. Kibamba cha kulia kilikuwa kimegeuka kiasi kwamba ungeweza kuingiza sarafu kati yake na nati kwa upande wa juu, wakati upande wa chini vimegusana.

Kama bado unacho kipande cha ekseli iliyokatika, usikitupe. Kifute kwa kitambaa, ukitazame uso wa mkatiko kwenye mwanga wa jua. Ukiona sehemu moja imekuwa nyeusi au ya kutu na laini, na sehemu iliyobaki ni chuma kipya kinachong'aa chenye chembechembe, maana yake ufa ulianza zamani kwenye hesi, yaani kwenye mikato ambamo nati hupita, ukaendelea kula kidogo kidogo kila ulipopita kwenye shimo, hadi chuma kilichobaki kikashindwa. Hiyo ni ekseli iliyochoshwa kwa kupindwapindwa. Ukiona uso wote ni mpya na unang'aa, ilikatika kwa pigo moja: shimo kubwa, au gunia lililorushwa juu ya keria baiskeli ikiwa imeegeshwa. Nategemea utaona ile ya kwanza.

Fremu yenyewe ipimwe kwa uzi kabla ya kununua chochote. Funga uzi kwenye kibamba cha nyuma cha kushoto, uupitishe mbele ukizunguka bomba la usukani, uurudishe hadi kibamba cha kulia na kuuvuta ukakamae. Kisha pima umbali kati ya uzi na bomba la kiti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, mikono ya nyuma ya fremu imekaa katikati. Vikipishana kwa zaidi ya milimita mbili tatu, upande mmoja umevutwa. Kunyoosha ni kazi ya fundi mwenye jiliwa na spana kubwa ya kurekebisha, naye avigeuze vibamba taratibu mpaka viwe sambamba. Asipige nyundo. Kibamba kilichopigwa nyundo hunyooka leo na kupasuka kwenye maungio kesho.

Baada ya hapo una njia mbili, nami nina upendeleo wangu. Njia ya kwanza ni kubaki na habu hiyo lakini kuikata kiuno: ondoa washa na vipande vya bomba vya kulia, ubakize kiasi kinachotosha tu cheni isiguse fremu, punguza na vya kushoto kadiri inavyohitajika mpaka upana wa habu ulingane na upana wa fremu, na uweke ekseli fupi zaidi. Kwa kuwa habu itakuwa imesogea kulia, rimu haitakaa katikati ya fremu, hivyo ni lazima spoki za upande mmoja zilegezwe na za upande wa pili zikazwe mpaka rimu irudi katikati. Ni kazi ya nusu siku kwa fundi anayejua kuvuta spoki. Njia ya pili ni kununua habu ya baiskeli ya mzigo ya gia moja, ya upana wa fremu yako. Hiyo ndiyo ningeichagua iwapo vikombe vya habu ya sasa vimeharibika, na ndipo fundi wako anapokuwa na haki. Lakini hesabu matundu ya spoki kwanza. Baiskeli nyingi za mzigo zina matundu 40 nyuma, za gia zina 36. Ukinunua habu ya 40 huku rimu yako ni ya 36, utalazimika kununua na rimu. Spoki nazo zitahitaji urefu mwingine kama kipenyo cha sikio la habu (ukingo wake wenye matundu ya spoki) hakilingani na cha zamani.

Tuje kwenye kucheza na kukwaruza, maana hapo ndipo utakapojua kama vikombe ni vizima.

Inua nyuma ya baiskeli, shika fremu kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili sukuma na kuvuta rimu kushoto na kulia. Ukisikia mgongano mdogo, tak tak, na hali ni ileile popote unapolisimamisha gurudumu, koni zimelegea au zimelika. Kama gurudumu halichezi linaposimama ila rimu inayumba kushoto na kulia linapozunguka, hilo ni tatizo la spoki, na habu haina kosa. Kama kelele inasikika tu unapoacha kukanyaga pedeli na kunyamaza unapokanyaga, sikiliza friwili.

Kisha toa gurudumu, ushike ekseli kwa vidole na kuizungusha polepole. Vidole vyako vitakuambia mengi kuliko macho. Ikiwa inakwaruza kwa usawa mzunguko mzima kama mchanga kati ya meno, grisi imekwisha au imeingia udongo. Ikiwa inajikwaajikwaa, yaani inashika na kuachia katika vituo vingi, kuna mashimo kwenye koni au vikombe. Ikiwa ni ngumu sehemu moja ya mzunguko na nyepesi upande wa pili, ekseli imepinda. Angalia ncha yake inapozunguka, utaiona inachora duara badala ya kukaa mahali pamoja. Ekseli iliyopinda haiwezi kurekebishwa koni zake hata ufanye nini, kwa sababu koni zenyewe hazitazamani sawasawa. Hii yaweza kuwa ndiyo sababu gololi mpya hazikukusaidia.

Kufungua habu kunahitaji spana nyembamba ya koni. Koni za nyuma mara nyingi ni milimita 15 na za mbele 13. Spana ya kawaida ni nene mno kupita kati ya koni na nati, ndiyo maana mafundi wengi wa vijijini wanaisaga ya kawaida kwenye jiwe mpaka iwe nyembamba, nayo hufanya kazi vizuri. Tandika kitambaa cheupe ndani ya sinia, laza gurudumu juu yake, na ufungue upande wa kushoto tu. Koni na nati ya kulia ziache zimekazwa, kwa sababu ndizo zinazotunza nafasi ya ekseli. Usipofanya hivyo utatumia jioni nzima kutafuta friwili ilikuwa imekaa wapi. Isipokuwa wewe, kwa kuwa unabadilisha mpango wote wa washa, utafungua zote mbili.

Gololi za nyuma kwa kawaida ni za robo inchi, yaani milimita 6.35, tisa kila upande. Za mbele ni za 3/16 ya inchi, milimita 4.76, kumi kila upande. Ukikuta gololi zimefungwa ndani ya kizimba cha bati na ziko chache, tupa kizimba na ujaze gololi huru, maana mzigo uleule utagawanywa kwa gololi nyingi zaidi. Lakini usishindilie: jaza kikombe, kisha hakikisha pamebaki nafasi ndogo isiyotosha gololi nyingine nzima. Na usichanganye gololi za zamani na mpya hata kama za zamani zinang'aa. Ile iliyo kubwa kuliko wenzake kwa unywele mmoja ndiyo itakayobeba gunia lote peke yake.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa na kukausha, kisha tazama koni. Njia ya gololi inapaswa kuwa mstari mmoja laini unaong'aa. Pitisha ncha ya kalamu ya wino juu ya mstari huo, ukiwa umelegeza mkono; shimo ambalo jicho halilioni, ncha ya kalamu itaanguka ndani yake na utalisikia. Fanya hivyo hivyo ndani ya vikombe. Kwa kawaida koni hulika kabla ya vikombe, na koni ni kipuri cha bei ndogo, kwa hiyo koni zenye mashimo na vikombe laini ni habari njema. Vikombe vyenye mashimo vitaziua gololi mpya ndani ya majuma machache, na hakuna kusaga wala kupolishi kutakakovirudisha. Vilevile bonyeza kikombe kwa kidole gumba na ujaribu kukizungusha: kama kinazunguka ndani ya habu au kinatikisika, habu imekwisha, na hapo mtii fundi wako.

Unapokwenda dukani, beba koni ya zamani na kipande cha ekseli. Kuna ekseli za inchi 3/8, ambazo ni milimita 9.5, na kuna za milimita 10. Hesi zake zinakaribiana kiasi kwamba nati ya milimita 10 itaingia kwenye ekseli ya 3/8, itaonekana kama imeshika, na siku utakapoikaza kwa nguvu itang'oa hesi zote. Koni sahihi hupita kwa vidole vitupu kutoka ncha moja ya ekseli hadi nyingine, bila kukwama na bila kulegalega. Ekseli mpya nayo iviringishe juu ya kioo cha kaunta kabla ya kulipa: ukiona mwanga unachungulia na kupotea chini yake, imepinda tangu kiwandani. Muuza duka atakununia, lakini mzigo ni wako.

Kuhusu grisi sitarefusha. Tumia grisi ya beringi za magari, na kama unavuka maji mara kwa mara wakati wa masika, tafuta ile ya kuhimili maji. Oili chafu ya injini, ambayo najua wengi huimimina kwa tundu la habu, ina unga wa chuma ndani yake, ni nyepesi, hutoka yote na kuliacha vumbi ligande. Jaza kikombe grisi, panga gololi ndani ya grisi hiyo nazo zitakaa bila kudondoka, rudisha ekseli, ongeza grisi juu, na uhakikishe kofia za kuzuia vumbi zimekaa.

Kurekebisha koni ndipo mafundi wenye haraka huharibu kazi nzuri yote iliyotangulia. Zungusha koni kwa vidole mpaka iguse gololi, kisha irudishe nyuma kidogo, chini ya robo ya mzunguko. Weka washa yenye jino, uhakikishe jino lake limeingia kwenye mfereji wa ekseli kama ekseli ina mfereji, kisha ishike koni isitikisike kwa spana nyembamba huku ukiikaza nati ya kufungia juu yake kwa nguvu. Utakuta mkazo umebadilika, kwa sababu nati inapobana huisukuma koni ndani kidogo. Usikasirike. Fungua, rekebisha kwa kiasi cha upana wa kucha, funga tena, mara nne au tano ikibidi. Unatafuta mahali ambapo ekseli haichezi kabisa na bado inazunguka kwa vidole viwili bila kusitasita. Ukilazimika kuchagua kati ya kulegea kidogo mno na kukaza kidogo mno, legeza. Koni iliyokazwa hujisaga yenyewe.

Gurudumu likiwa ndani ya fremu na cheni bado haijapachikwa, liachie lizunguke polepole. Linapaswa kwenda na kurudi kama bembea na kusimama sehemu yake nzito ikiwa chini, badala ya kusimama ghafla popote. Shika tena rimu na ulijaribu kushoto na kulia, kwa sababu ukingo wa rimu huonyesha mchezo ambao kwenye ekseli usingeuhisi.

Mwisho, vyuma vya keria. Kama miguu ya keria yako inafungwa kwenye ekseli, ipangwe nje ya kibamba cha fremu, chini ya nati, kamwe isipite ndani kati ya kibamba na habu. Ekseli ichomoze vya kutosha ili nati ishike kwa unene wake wote. Beba gunia moja kwa safari ya kwanza, ukifika mashineni kaza nati za ekseli tena baiskeli ikiwa haina mzigo, na ukifika nyumbani jaribu rimu kwa mkono kabla ya kuilaza baiskeli.